Siku Mbili za Kusoma Kuta za Makanisa ya Kale Iringa: Ziara Nzuri, Ila Uliza Kwanza Kama Mtapanda Darini

Mwezi wa saba nilipanda basi la alfajiri kutoka Mbeya, nikapita Makambako na Mafinga nikiwa nimejifunika shuka zito kwa sababu ya baridi, ili nihudhurie ziara ya mafunzo ya siku mbili iliyotangazwa kuwa ni ya kujifunza usanifu na alama za waashi katika makanisa ya kale ya Iringa. Mimi ni fundi sanifu wa majengo, nimesimamia kazi za matofali kwa miaka mingi, na sijawahi kuona tangazo la namna hiyo katika nyanda zetu za juu kusini, ambako mtu akitaja utalii humaanisha Ruaha, Kitulo au maporomoko ya maji. Ada ilikuwa shilingi 90,000 kwa mtu mmoja, ikijumuisha usafiri wa Noah, chakula cha mchana na kijitabu cha kurasa 24. Tulikuwa washiriki tisa. Mwendeshaji ni mwalimu mstaafu ambaye sitamtaja, kwa kuwa nina malalamiko kadhaa juu ya kazi yake na nimekwisha kumweleza uso kwa uso.

Asubuhi ya kwanza ilikuwa ya darasani, katika ukumbi mdogo wa kukodi mjini, na niseme mapema kwamba kwa saa tatu zile peke yake nisingedai hata senti moja ya ada yangu. Mwalimu alianza na swali ambalo sikuwa nimewahi kujiuliza: kwa nini mchonga mawe wa Ulaya ya zama za kati aliweka alama kwenye jiwe alilolichonga? Wengi wetu tulijibu kwamba ni fahari ya fundi, kama mchoraji anavyotia sahihi. Akatikisa kichwa. Sababu kuu, alieleza, ilikuwa malipo. Pale ambapo mafundi walilipwa kwa idadi ya mawe waliyoyakamilisha na si kwa siku, ilibidi msimamizi aweze kuhesabu mawe ya kila mmoja mwisho wa juma, na alama ndiyo iliyokuwa risiti. Ndiyo maana katika kanisa lilelile unaweza kukuta ukuta mmoja umejaa alama na ukuta wa pili hauna hata moja. Huenda waliojenga ule wa pili walikuwa watu wa ujira wa siku, ambao hawakuwa na haja ya kuhesabiwa mawe, au alama zao zilielekea ndani ya kiungo cha udongo na chokaa ambako hakuna atakayeziona mpaka ukuta ubomoke.

Kuna pia alama za aina nyingine ambazo mgeni huzichanganya na hizo za malipo, nazo ni zile za kuonyesha mahali pa jiwe, yaani jiwe lipi likae juu ya lipi katika tao au nguzo, na zile zilizowekwa kwenye machimbo kabla jiwe halijafika kazini. Mwalimu alituonyesha kwenye picha namna ya kuzitofautisha. Alama ya fundi kwa kawaida ni mistari michache iliyonyooka, inayokutana kwa pembe, kwa sababu patasi hukata mstari mnyofu kwa mapigo machache ilhali mviringo humpotezea mtu muda. Alama ya mahali mara nyingi hujitokeza kwa jozi, moja kila upande wa kiungo, au kwa mfululizo wa hesabu.

Alifika mpaka Uskoti, ambako mwaka 1598 William Schaw, msimamizi wa majengo ya mfalme, alitoa kanuni za waashi zilizotaka jina na alama ya kila fundi viandikwe kitabuni siku ya kupokelewa kwake. Kwa mara ya kwanza nikaielewa alama kama kitu cha ofisi, karibu sawa na namba ya kitambulisho. Alimtaja pia Franz Ržiha, mhandisi wa Austria, ambaye mwaka 1883 alichapisha matokeo ya kukusanya maelfu ya alama na kudai kwamba zote huchorwa juu ya michoro michache ya msingi ya kijiometria, kama kwamba kila chama cha waashi kilikuwa na ufunguo wake wa siri. Nilifurahi kwamba mwalimu hakuishia kwenye utamu wa hadithi hiyo. Alituambia wazi kuwa wachunguzi waliokuja baadaye hawakuikubali, kwa kuwa ukiwa na michoro yenye mistari ya kutosha, alama yoyote ile utaipachika tu. Alionya vilevile kwamba alama moja inaweza kutumiwa na watu wawili katika miji miwili, au mtoto akairithi kwa baba, kwa hiyo kuiona alama ileile katika makanisa mawili si ushahidi wa kutosha kwamba fundi ni yuleyule.

Kilichonigusa zaidi ni habari ya Gervase, mtawa wa Canterbury, Uingereza, aliyeshuhudia kanisa lao likiungua mwaka 1174 na likajengwa upya. Aliandika kwamba katika kazi ya zamani matao na mapambo yalichongwa kwa shoka, na katika kazi mpya kwa patasi. Yaani zaidi ya miaka 800 iliyopita mtu ambaye hakuwa fundi alisimama mbele ya ukuta, akaangalia mikwaruzo, akatambua chombo kilichoiacha. Hapo nikaanza kutazamia mengi, nikidhani mchana tutakwenda kufanya kama Gervase.

Mchana tulielekea Tosamaganga, kilomita 15 hivi kutoka mjini. Misheni ile ilianzishwa na Wabenedikto Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1919, ikachukuliwa na Wamisionari wa Konsolata kutoka Italia. Kwa msomaji wa majengo, historia hiyo ni zawadi, kwa sababu mikono ya mapokeo mawili ya ujenzi imepita mahali pamoja, na swali la kuuliza kila kona ni nani alianza na nani akaendeleza. Mwalimu alilijibu swali hilo kwa ufasaha katika mambo makubwa, kama vile mpango wa eneo zima na namna kanisa linavyokaa kuhusiana na nyumba nyingine. Alitufundisha kusimama mbali kwanza, kuhesabu madirisha, kutafuta mahali ambapo mstari wa kozi za ukuta, yaani safu za mawe au matofali, unavunjika, na kuuliza kama pale ndipo jengo liliongezwa. Kwa upande huo sina lawama.

Lawama yangu ni kwamba alitugawia tochi, akatuambia tutafute alama za waashi, nasi tukazunguka kuta kwa saa nzima na nusu kama watu waliopoteza sindano. Hatukuona hata moja. Dada mmoja kutoka Njombe alipiga picha mkwaruzo uliofanana na herufi ya V, lakini hata yeye alikubali kwamba ungeweza kuwa umetokana na ngazi. Mwalimu alisema tu kwamba utafiti ndivyo ulivyo. Hapana. Alipaswa kutueleza kabla hatujashuka kwenye gari kwamba alama zile huota mahali penye jiwe la kuchongwa na malipo ya kuhesabu mawe, na kwamba makanisa mengi ya misheni ya nyanda zetu yamejengwa kwa matofali ya kuchoma, au kwa mawe ya kuokotwa yaliyopigwa nyundo mara mbili tatu yakakaa, kisha yakafunikwa kwa lipu na chokaa. Tofali halina mchongaji wa kulipwa kwa uso mmoja mmoja. Kumpeleka mtu pale na tochi akatafute alama ya patasi ni sawa na kumtuma avue samaki shambani.

Na kuna jambo la pili ambalo lilinisikitisha zaidi. Tulipita Kalenga kwenda na kurudi bila kusimama. Pale ndipo ilipokuwa ngome ya Mkwawa, iliyozungushiwa ukuta wa mawe na udongo, na ambayo Wajerumani waliivunja tarehe 30 Oktoba 1894. Sidai kwamba waliojenga ngome ndio waliokwenda kujenga kanisa. Hilo linahitaji ushahidi. Lakini ziara inayojiita ya waashi wa Iringa, ikimweleza mtu habari za Canterbury na Uskoti huku ikipita mbele ya mahali ambapo Wahehe waliinua ukuta mrefu wa mawe kabla misheni haijaanza, imesahau kuuliza swali lililo karibu nayo kuliko yote: je, mikono iliyoitwa kubeba mawe ya misheni ilikuwa tayari inajua kuyapanga?

Siku ya pili ndiyo iliyoiokoa ziara. Tuliondoka asubuhi yenye ukungu mpaka kwenye kanisa dogo la kijijini, ambalo wazee wake waliomba tusilitaje mtandaoni kwa sababu kuna wageni waliowahi kuchomoa vigae kama kumbukumbu, nami nimeliheshimu ombi hilo. Mwalimu alipanga tukae saa moja tu. Tulikaa karibu nne, na sababu ni mzee mmoja anayelitunza, mwenye umri wa miaka themanini na kitu, aliyetupokea kwa "kamwene", salamu ya Kihehe, na, tulipomwamkia shikamoo, akazitazama tochi zetu, akauliza, "Wanangu, mnatafuta nini gizani wakati jua lipo?"

Tulipomweleza, alicheka, akatupeleka upande wa kaskazini ambako lipu imeanguka na matofali yako wazi, akaweka kidole chake kwenye tofali moja karibu na usawa wa goti. Palikuwa na mashimo manne madogo yaliyopangana, vidole vya mtu aliyelinyanyua likiwa bado bichi. Hatua tatu kutoka hapo palikuwa na tofali lenye kwato za mbuzi, zimeingia vizuri kabisa kana kwamba mbuzi alipita juzi. Mbele zaidi, tofali lenye vishimo vidogo vingi usoni, ambavyo mimi nilivitambua mara moja kwa kuwa nimeviona kwenye matofali yangu mwenyewe: mvua ya ghafla ilinyesha kabla mfyatuaji hajawahi kufunika kwa majani. Mzee alieleza kwamba babu yake alikuwa miongoni mwa waliofyatua, kwamba wanawake ndio waliobeba maji kutoka bondeni, na kwamba matofali yaliyokaa katikati ya tanuri yaliiva mpaka yakawa na rangi ya zambarau, ndiyo yaliyowekwa kwenye kona na chini karibu na msingi, huku yale ya pembeni ya tanuri, yaliyo mekundu mepesi, yakipelekwa juu ambako mzigo ni mdogo. Tulirudi nyuma tukatazama. Ilikuwa kweli, ukuta mzima ulikuwa umepangwa kwa kadiri ya moto uliolipata kila tofali. Mimi nilipita pale mara mbili na sikuuona mpango huo.

Kisha akatuonyesha shimo la udongo wenyewe, hatua kama mia mbili kutoka mlangoni, ambalo sasa limeota mianzi, na kwa msimu wake watu hugema ulanzi, pombe ya mianzi, humo. Hakuna kitu kilichonisaidia kulielewa kanisa lile kuliko kusimama kwenye shimo lilikotoka.

Kilichofuata kilitokana na udadisi wangu wa kazi, wala hakikuwamo kwenye ratiba. Niliomba ruhusa nipande darini nikaone kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, mzee akakubali baada ya kusitasita, mimi na kijana mmoja tukapanda kwa ngazi ya mbao. Pale juu, kwenye maungio ya mbao nzito, kulikuwa na alama. Zilikuwa mistari iliyokatwa kwa patasi, mmoja, miwili, mitatu, minne, kisha V, na kila namba ilijirudia pande zote mbili za kiungo chake. Seremala aliikata na kuiunga kenchi nzima chini kwenye uwanja, akaihakiki, akaifungua, akaipandisha vipande vipande na kuiunga tena kwa kufuata namba. Na nne haikuandikwa IV kama tulivyofundishwa shuleni, ila kwa mistari minne, jambo ambalo maseremala wa Ulaya walilizoea kwa sababu nzuri: mbao ikigeuzwa juu chini, IV husomeka kama VI, na nyumba nzima inaweza kukosewa kwa ajili ya herufi moja. Nilishuka na picha kwenye simu, na sikumbuki lini mara ya mwisho nilifurahi namna ile nikiwa na vumbi la popo kichwani.

Mwalimu alipoziona picha alikaa kimya kidogo, kisha akasema, bila kujitetea, kwamba amelileta kundi pale mara tano na hajawahi kupanda. Nilimheshimu kwa kukiri. Lakini anayelipa 90,000 anapaswa kujua kwamba dari haimo kwenye ziara, ilhali alama pekee za patasi tulizoziona kwa siku mbili zilikuwa huko.

Kuhusu vifaa na kijitabu nitakuwa mfupi. Tochi zilikuwa nzuri, na mafunzo ya kuitumia yalikuwa sahihi: usimulike ukuta uso kwa uso, shikilia mwanga ubavuni, karibu ugusane na ukuta, ili kila bonde litoe kivuli, na kama huna tochi, jua la saa kumi na moja jioni hufanya kazi ileile bure. Tulifundishwa kuweka rula kando ya kila kitu tunachokipiga picha, na kupiga picha nyingi zinazoingiliana ili baadaye programu ya kompyuta iweze kuunda umbo la ukuta. Tulikatazwa kabisa kupaka chaki au mkaa juu ya alama ili ionekane, na hilo nalisisitiza kwa yeyote atakayekwenda peke yake. Kijitabu, kwa upande mwingine, kina kurasa 17 za Ulaya na nne tu za nyanda zetu, tatu zilizobaki zikiwa jalada na matangazo. Habari za Rungwe, ambako Wamoravian walifika mwaka 1891, zimepewa mistari sita. Peramiho, iliyoanzishwa mwaka 1898 na kuchomwa wakati wa Vita vya Majimaji mwaka 1905, ina picha moja isiyo na maelezo. Pommern, misheni ya Kilutheri iliyoko Kilolo ambayo mwendo wake kutoka mjini ungeweza kuingia katika ziara hii hii, haikutajwa hata kwa jina. Badala yake kuna ukurasa mzima juu ya kanisa kuu la Kianglikana la Mkunazini, Zanzibar, lililoanza kujengwa mwaka 1873 chini ya Askofu Edward Steere, na ile hadithi inayosimuliwa kwamba nguzo zake zilisimamishwa kichwa chini askofu alipokuwa safarini. Hadithi ni tamu na inafundisha kwamba kosa la fundi nalo ni alama. Hata hivyo sikusafiri kutoka Mbeya ili nisomewe habari za Zanzibar.

Jambo moja ambalo mwalimu alilieleza vizuri kuliko nilivyotarajia, na ambalo wazee wa makanisa wanapaswa kulisikia, ni lipu ya saruji. Kanisa likianza kuchakaa, waumini huchangishana, wanaleta mifuko ya saruji, wanafunika ukuta wa zamani uliojengwa kwa udongo au chokaa, na kila mtu anafurahi kwa mwaka wa kwanza. Ukuta wa namna ile umezoea kunywa unyevu na kuutoa. Saruji huuziba mlango wa kutokea, maji hubaki ndani, tofali laini linaoza nyuma ya lipu ngumu, na siku lipu inapodondoka hudondoka na uso wa tofali pamoja na vidole, kwato na matone yote niliyoyaeleza. Nimeshauri lipu ya saruji kwenye majengo ya kale mara mbili katika kazi yangu. Sitashauri tena.

Malalamiko madogo: chakula cha mchana siku ya kwanza kilifika saa tisa alasiri, ugali ukiwa umepoa, na siku ya pili tuliombwa kuchangia sadaka ya kanisa ambayo ilipaswa kuwa ndani ya ada. Noah ilibeba watu kumi na mmoja pamoja na mwalimu na dereva, na aliyekaa nyuma kabisa, ambaye ni mimi, alishuka na magoti yaliyogoma. Mwalimu ana sauti ndogo. Ukiwa na shida ya kusikia, kaa mbele.

Kwa mwanafunzi wa usanifu, fundi, mwalimu wa historia au katekista anayelitunza kanisa la zamani, naipendekeza ziara hii, kwa sharti kwamba umpigie mwendeshaji simu kabla ya kulipa na umuulize maswali matatu: mtasimama Kalenga, mtapewa muda wa kutosha na mzee, na mtapanda darini? Kwa anayetaka kuona alama za patasi kwenye jiwe kama zile za kwenye vitabu, asisumbuke, hatazikuta hapa. Juma lililopita mwalimu alinitumia ujumbe kuomba zile picha za kenchi ili aziweke kwenye kijitabu kipya, nami nimemjibu kwamba nitazituma pindi mzee atakaporidhia, kwa kuwa dari ni yake kabla ya kuwa yetu. Mpaka leo naandika hivi, mzee bado anasema anafikiria.